Digrii Sitini na Tano

Katika faili ya hospitali, kwenye ukurasa wenye jina la Natabo Achuka, kumeandikwa kwa wino wa buluu kwamba mgonjwa alikataa kufanya mazoezi. Niliyaona maneno hayo kwa macho yangu. Niliyasoma mara mbili, nikanyamaza. Natabo hajui kusoma. Alikuwa ameketi kando yangu, begi langu amelipakata, akitazama nje dirishani.

Hakukataa. Ndiyo sababu naandika.

Natabo ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Mwalimu Lodio; mimi nami nilikuwa mwalimu. Watu wa Isiolo wanaomkumbuka Lodio wanamkumbuka na tai yake na kalamu mbili mfukoni, mkuu wa shule ambaye wanafunzi walijipanga mstarini kabla hajafungua mdomo. Wachache wanajua ni nani aliyemfikisha pale. Baba yao alipofariki, Natabo alikuwa na miaka kumi na minane, Lodio kumi na mmoja. Natabo alikwenda kwenye machimbo ya mawe nje ya mji, akatandika gunia chini, akapiga magoti na kushika nyundo. Alivunja kokoto miaka tisa. Lodio alipopata cheti chake cha ualimu ndipo dada yake alipoinuka, akanunua mbuzi watano na kuhamia kijiji cha Gotu.

Habari hiyo hatukuwa tukiisema. Mimi mwenyewe nilikaa katika ndoa miaka mitatu kabla ya kuisikia, na aliyeniambia si mume wangu. Wanangu niliwaambia kwamba shangazi yao ni mfugaji, na hilo nalo ni kweli. Ana mbuzi ambao Nanok, mtoto wa binamu yao, huwachunga, lakini kukamua alikamua mwenyewe. Alikuwa akisema mbuzi akizoea mkono wako ni kama mtoto, ukimpa mwingine ananuna.

Alipofika miaka sitini na saba mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda kama upinde. Mwaka 2019, mwezi wa Mei, nilikwenda Gotu kumtembelea, nikaamka alfajiri, nikamwona akitambaa kwa mikono kuelekea zizini na kikombe cha kukamulia amekining'iniza shingoni. Nilirudi mjini na kuanza kutafuta daktari.

Picha zilionyesha kwamba gegedu, ile sehemu laini inayokaa katikati ya mifupa ya goti, ilikuwa imekwisha. Mfupa ulikuwa unasaga mfupa. Tulipelekwa hospitali moja ya upande wa milimani ambako hubadilisha magoti. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole. Hakuzungumza na mimi, alimgeukia Natabo.

"Mama, ukipona unataka goti hili likufanyie nini?"

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme anataka kwenda kanisani. Natabo akaniwahi.

"Kukamua mbuzi."

"Unakamua ukiwa umechuchumaa?"

"Kwani wewe hukamua ukiwa umesimama?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kuchuchumaa kabisa sikuahidi, nitakuwa nakudanganya. Lakini ukikaa kwenye kigoda kifupi, inawezekana." Akachora mguu kwenye karatasi. Kukaa kwenye kiti cha kawaida na kuinuka, goti linahitaji kukunja digrii tisini. Kigoda cha kukamulia kinataka mia na kumi. "Kazi yangu mimi ni ya saa mbili," akasema. "Yako ni ya wiki kumi na mbili. Wiki hizo zikiisha na goti halijakunja, kovu la ndani litakuwa limelifunga, na nitakachoweza kufanya wakati huo ni kidogo."

Tukiwa njiani kurudi, Natabo aliniuliza, "Mke wetu, mia na kumi ni nyingi?"

"Unaona kona ya meza? Hiyo ni tisini. Mia na kumi ni zaidi kidogo."

"Basi si mbali," akasema.

Upasuaji ulifanyika Julai na ulikwenda vizuri. Hilo nalisema wazi. Siku ya pili alisimama, na siku ya tano alitembea ukumbi mzima kwa kile chuma chenye miguu minne. Alipotoka hospitali alikuwa anakunja digrii sabini na tano. Kijana wa mazoezi ya viungo, Kithinji, alinifundisha la kufanya nyumbani: aketi ukingoni mwa kitanda, arudishe kisigino nyuma mpaka pale kinapogoma, ashikilie hapo mimi nikihesabu hadi kumi, na hivyo mara tano kila siku. Nilinakili kila kitu kwenye daftari.

"Atalia," Kithinji akasema. "Mwache alie, lakini asiache. Na usimwekee mto chini ya goti, Mwalimu. Hata akiomba."

Siku ya kwanza nyumbani kwangu tulianza baada ya chai ya saa nne. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nilipofika nne Natabo alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Alimwita mama yake, aliyekufa kabla mimi sijaolewa. Nikaendelea kuhesabu. Akapiga mwingine.

Sauti ya jirani yangu Fosia ikapita juu ya ua wa mabati. "Mama Antony! Salama huko? Mnamfanyia nini mzee wa watu?"

"Ni mazoezi ya hospitali, Fosia."

"Mazoezi gani hayo ya kulilia? Wallahi, mimi na haya magoti yangu siendi ng'o!"

Natabo, machozi yakimtoka, alicheka. Tulimaliza raundi zote tano siku hiyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Jumapili, baada ya ibada, Wakonyo mwenye duka, ambaye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, alinishika mkono mbele ya wenzake na kusema kwa sauti ya upole, "Mwalimu, tumesikia wifi yako analia mchana. Tunaiombea nyumba yako."

Anayeijua Isiolo anajua maana ya kuombewa nyumba. Nilirudi nyumbani uso unaniwaka. Mjane anayekaa na wifi yake akiwa mgonjwa tayari anatazamwa. Watu hungoja kuona kama atamtunza au atamchosha mpaka aondoke. Nikafunga daftari. Nilijiambia tumpumzishe wiki moja tu, kidonda kitulie.

Nilimweka sebuleni, kwenye kiti kikubwa kilichokuwa cha Lodio. Mguu niliunyoosha juu ya stuli, nikaufunika kwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, na chini ya goti nikaweka mto.

"Mke wetu," akasema, "yule kijana alisema tusiweke mto."

"Yule kijana hatapokea wageni wetu."

Wageni walikuja, kwanza akina mama wa kanisa, kisha walimu wenzangu wastaafu, kisha Waturkana wa Ngare Mara waliosikia kwamba kuna mama yao aliyewekewa goti jipya. Natabo alikuwa kwenye kitenge kipya, kichwa kimefungwa vizuri, chai haikatiki. Wakonyo alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Hivi ndivyo mtu anavyotunzwa!" Nilifurahi, sitaficha. Huyu alipiga magoti miaka tisa kwa ajili ya nyumba yetu, na mimi nilitaka aonekane ameketi.

Mara mbili alichukua kile chuma chake na ufagio ili afagie uwanja. Nilimrudisha ndani. Uwanja wangu unaonekana barabarani, na sikutaka watu waseme Mwalimu anamtuma mgonjwa kufagia. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa nne.

Kithinji alikuwa amesema atapiga simu wiki ya pili na ya sita, aulize maswali kumi na mawili ya fomu yao. Alikuwa amenieleza pia kwamba wiki ya sita goti likiwa chini ya digrii themanini, watamtuma mhudumu wa afya wa jamii aje nyumbani aone mgonjwa anavyokaa. Wiki ya pili nilijibu kwamba sote tu wazima. Asubuhi ya wiki ya sita, kabla simu haijalia, niliishusha ile protrakta kubwa ya mbao, ya kupimia pembe, niliyopewa shuleni nilipostaafu. Ilikuwa imeangikwa ukutani, chini ya picha ya Lodio. Nikamwambia Natabo akunje mguu kadiri awezavyo, nikaiweka kando ya goti kama nilivyofundisha darasa la sita miaka thelathini.

Sitini na tano. Alikuwa amerudi nyuma digrii kumi.

Natabo alinitazama. Nikairudisha ukutani, na simu ikalia.

"Shosho anaendeleaje, Mwalimu?" Shosho ni bibi, na ndivyo Kithinji alivyomwita Natabo.

"Hajambo kabisa."

"Anaweza kwenda dukani peke yake?"

"Hakuna haja. Sisi tupo."

"Swali ni kama anaweza."

"Anaweza."

"Maumivu usiku?"

"Kidogo tu."

"Anaweza kupiga magoti na kuinuka tena?"

"Bila shida."

Kithinji alicheka. "Bila shida, wiki ya sita? Huyo shosho ni chuma kitupu! Na goti linakunja kiasi gani? Najua kipimo hamna huko."

Protrakta ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilimfikiria mhudumu wa afya akisimama langoni na daftari lake, Fosia akichungulia juu ya mabati, Wakonyo akipata habari kabla ya jua kuzama.

"Hatuna," nikasema. "Lakini anakunja vizuri."

Wiki ya kumi, siku ya Jumamosi, Nanok alikuja kutoka Gotu na maziwa kwenye kibuyu. Alikaa karibu na Natabo, akamweleza nani amehama na malisho yakoje. "Halafu yule mweupe wako amezaa pacha," akasema. "Lakini anamsumbua mke wangu. Akiguswa tu, teke. Maziwa yote chini."

"Anamkamua akiwa amesimama upande gani?"

"Sijui. Upande wa maziwa."

"Ndiyo maana anapigwa teke, na wewe unastahili lako," Natabo akasema, na Nanok akaangua kicheko. Lakini yeye hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nanok alipoondoka nami nilikwenda kwenye kikao cha kamati kanisani. Niliporudi, saa tisa kasoro, kiti cha Lodio kilikuwa kitupu. Nilimkuta jikoni, sakafuni, mgongo ukutani. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka mbele yake kama mti, na kando yake kigoda changu cha kupikia kilikuwa kimepinduka.

"Nilitaka kuona kama nafika," akasema.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu adhana ya adhuhuri."

Nilijaribu kumwinua, sikuweza. Nikaketi sakafuni kando yake, na nguo zangu za kikao.

"Lile libao lilisema ngapi?" akauliza.

"Sitini na tano."

"Na kijana ulimwambia ngapi?"

Nilikiinua kigoda, nikakisimamisha.

"Nipe simu, mke wetu."

Nilimpigia Kithinji, nikamshikilia simu sikioni. Natabo alizungumza kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Wewe Kithinji! Mimi ndiye Natabo. Yule umekuwa ukiongea naye ni Mwalimu. Mguu wangu umekauka kama ngozi iliyosahaulika juani. Siwezi kukaa, na nikikaa siwezi kuinuka. Sasa niko chini jikoni." Akasikiliza. Kisha akasema, "Haya. Jumatatu."

Ilibidi nimwite Fosia tusaidiane kumwinua. Aliingia, akatazama stuli na mto na kitambaa cheupe kule sebuleni, akamshika Natabo makwapani.

Jumatatu daktari alilipima goti, akaketi. Alieleza kwamba bado zimebaki siku chache kabla ya zile wiki kumi na mbili kwisha. Atampa dawa ya usingizi na kulikunja kwa nguvu za mikono, ili makovu yakatike, lakini asitegemee miujiza. Kisha akafungua faili na kushika kalamu. "Nataka kuelewa. Goti lilitoka hapa likiwa sabini na tano. Mazoezi yalifanyika?"

Nilijua zamu yangu imefika. Nilivuta pumzi.

"Nilikataa," Natabo akasema. "Huyu alinibembeleza sana. Mimi ni mkaidi tangu utoto, waulize watu wa Gotu."

Daktari akaandika. Nami nikayasoma aliyoyaandika, mara mbili, kama nilivyosema mwanzoni, na nikanyamaza.

Usiku wa kwanza wodini nilimuuliza kwa nini alisema vile. Alikuwa bado amelewa ile dawa ya usingizi, lakini alinijibu sawasawa.

"Mimi sina jina la kuharibiwa. Wewe una watoto na una watu uliowafundisha. Na yule alikuwa ameshika kalamu."

Akiwa usingizini goti lilikunja digrii mia moja. Tuliporudi nyumbani niliondoa mto na stuli, nikafungua mlango wa mbele na dirisha la barabarani, tukaanza. Mara tano kila siku. Alipiga kelele na mtaa mzima ukasikia. Fosia alikuja siku ya pili bila kuitwa, akajitupa kwenye kochi, akasema mimi nahesabu polepole kama mtu anayetaka kuua. Akachukua kazi ya kuhesabu, kwa Kiborana. Natabo naye akajifunza, ikawa anapiga kelele na kuhesabu kwa pamoja. Jumapili Wakonyo aliniambia tena kwamba wanatuombea, nikamwambia asante, tunahitaji.

Lakini kovu lina kumbukumbu yake. Mia moja ikawa tisini na tano, ikawa tisini, ikawa themanini na nane. Hapo likagoma. Miezi ikapita, nikapima kila Jumapili jioni, na protrakta ikasema themanini na nane, themanini na nane. Anakaa kwenye kiti ikiwa ni kirefu, na akiinuka hutanguliza ule mguu na kuuzungusha pembeni. Hasikii maumivu ya zamani. Anakwenda dukani na kurudi. Gotu hawezi kukaa, kwa sababu mlango wa nyumba yake ni wa kuinama. Mbuzi anakamua mke wa Nanok.

Mwaka mmoja ulipotimia, Julai 2020, Kithinji alipiga simu na ile fomu yake. Nilimpa Natabo simu, sauti nje, nikaketi. Fosia alikuwa mlangoni na barakoa yake kidevuni.

"Maumivu usiku, shosho?"

"Hakuna. Nalala."

"Dukani peke yako?"

"Naenda, narudi, na nagombana na mwenye duka."

"Kupiga magoti na kuinuka tena?"

"Siwezi."

"Kwa shida kidogo, kwa shida kubwa, au haiwezekani kabisa?"

Natabo alifikiri. Alikunja vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akavikunjua.

"Haiwezekani," akasema.

"Pole, shosho."

"Pole ya nini? Andika."

Maswali yalipokwisha nilichukua simu. "Kithinji, katika faili kumeandikwa kwamba mgonjwa alikataa mazoezi. Nataka ibadilishwe."

"Mwalimu, hayo aliandika daktari. Mimi natia alama tu."

"Fomu yako haina pembeni?"

"Pembeni ipo."

"Basi andika pembeni. Mgonjwa hakukataa. Wifi yake ndiye aliyesimamisha mazoezi tangu wiki ya kwanza, akamwekea mto, na akatoa majibu yasiyo ya kweli wiki ya pili na ya sita. Kipimo kilikuwepo nyumbani. Kilisema sitini na tano."

"Niandike na jina?"

Nikamtajia majina yangu yote matatu, na la mwisho ni la Lodio.

Natabo alikuwa amegeuza uso dirishani, kama siku ile hospitalini. "Ulikuwa umeshaokoka," akasema. "Sasa umejirudisha."

Fosia aliingia ndani, akajishusha kwenye kochi akishika magoti yake yote mawili. Mwaka mzima alikuwa akisema mjini kwamba hospitali ile ilimharibu mzee wa watu, na mimi nilimsikia na sikumsahihisha.

"Kwa hivyo si daktari," akasema.

"Si daktari."

Alisugua magoti kwa muda mrefu. "Mimi nataka tu kusujudu. Hata mara moja kwa siku."

"Mwulize daktari kwanza, kabla hajashika kisu," nikamwambia. "Usiahidiwe na mtu mwingine."

"Basi nipe namba ya huyo kijana."

"Namba utapewa," Natabo akasema. Alishika mikono ya kiti, akatanguliza mguu, akauzungusha, akasimama. "Na ukitoka huko, nitakuja kwako kila siku kuhesabu. Utalia na hutaacha." Akanielekezea kidole bila kunitazama. "Huyu atabaki hapa apike chai."